Gari la Zakaria na Wembe Wangu

Siku tulipomzika Zakaria, mjukuu wetu mkubwa alisimama kanisani akasoma wasifu wa marehemu. Alisoma vizuri, na alipofika katikati akasema kwamba babu na bibi yake waliishi pamoja zaidi ya miaka sitini bila kukwaruzana na bila kuoneana wivu. Waombolezaji wakatikisa vichwa kwa kukubali. Mimi nilikuwa kiti cha mbele, kanga imenifunika hadi machoni, na lau si heshima ya jeneza ningesimama nikamkosoa mbele ya mchungaji. Bila wivu? Mimi? Nilimwonea wivu mume wangu tangu wiki ya kwanza ya ndoa, nikaendelea kumwonea wivu alipokuwa mzee asiye na jino la kutafunia mua, na hata siku ile ya msiba, wanawake wa kwaya walipomlilia kwa sauti kubwa kuliko yangu, niliwatazama mmoja mmoja nikijiuliza ni nani kati yao aliyemzoea kiasi hicho. Mjukuu hana kosa. Hakuna aliyemwambia, na sisi wazee tuna tabia ya kuwaachia watoto maisha yetu yakiwa yamekwisha kufuliwa na kupigwa pasi.

Habari za ukoo wangu naziruka, maana hazitofautiani na za jirani yeyote wa kwetu Muleba. Naanza siku nilipoletwa Buhembe, karibu na mji wa Bukoba, nikiwa na miaka kumi na tisa, wakati Waingereza bado wanatutawala na hakuna aliyekuwa na uhakika wataondoka lini. Chumba chetu kilikuwa na kitanda cha mbao, sanduku langu la nguo, cherehani niliyokuja nayo, na nyasi laini zilizotandikwa sakafuni, ambazo nilizibadilisha kila Jumamosi. Kilikuwa na dirisha moja. Nyumba nyingine ukifungua dirisha unaona migomba. Langu nilipolifungua niliona gari. Lilikaa chini ya kibanda alichokijenga Zakaria mwenyewe, dogo, jeusi, la Kiingereza, limezeeka kabla mimi sijajua kusoma. Alilinunua kwa mfanyabiashara mmoja Mhindi aliyehamia Mwanza, baada ya mavuno mawili mazuri ya kahawa ya shamba alilorithi, na alilitumia kuzunguka vijijini kununua kahawa kavu kwa wakulima. Asubuhi aliamka, akatoka, akafungua boneti, akaangalia maji, akaangalia oili, akalifuta kwa kitambaa laini kuanzia taa hadi magurudumu, ndipo akarudi ndani na kunisalimia. Nilikuwa mke wa pili katika nyumba ya Mlutheri, na mke mkubwa alikuwa na magurudumu manne.

Nilipika nikitegemea chakula kitafanya kazi ambayo uso wangu ulishindwa. Nilimpikia ndizi na maharage, nikatia samli. Nilimpikia samaki wa ziwani. Msimu wa senene ulipofika niliwang'oa mabawa na miguu hadi vidole vikawa vyeusi, nikawakaanga hadi wakawa wakavu kama anavyowapenda. Alisema asante, Koku, umepika vizuri, kisha akachukua sahani akaenda kula amesimama, sahani juu ya madigadi, mkono mmoja chakulani na mwingine umeshika spana. Nikitazama kutoka dirishani niliona anavyotafuna akiwa ameinamia injini, na nilijua angekula hata magome ya mti bila kugundua. Nilipolalamika kwa jirani akanicheka. Akaniambia wanawake wenzangu wanalia waume zao wako kwenye vilabu vya pombe ya rubisi, mimi nalia mume wangu yuko uani. Alikuwa na haki ya kucheka, lakini sikumsamehe kwa muda mrefu.

Kama lingekuwa gari peke yake ningezoea. Lakini kila Jumanne gari lile lilikwenda Rubafu, na kila Jumanne kiti cha mbele alikaa Leokadia. Alikuwa mkunga, Mkatoliki, kanizidi miaka mitatu au minne, ana gauni jeupe, viatu vya kufunga kamba, na rozari iliyoonekana kidogo tu kwenye shingo. Siku hiyo alikuwa na zamu ya kuwaona wajawazito wa huko, na kwa kuwa Zakaria naye alikuwa na wakulima wake wa kahawa huko huko, kila mtu Buhembe aliona ni jambo la busara wasafiri pamoja. Alikuja alfajiri, akanisalimia kwa upole, "Koku, bojo, umeamkaje?" kama dada anayembembeleza mdogo wake, nami nikajibu kwa neno moja. Zakaria alimletea kahawa za kutafuna kwenye kikapu kidogo, kama tunavyomkaribisha mgeni yeyote, ila mgeni yeyote huchukua mwenyewe, na huyu alimwekea kiganjani. Niliona kwa macho yangu. Zilikuwa punje mbili.

Jiko letu lilikuwa kibanda cha matete nyuma ya nyumba, hatua chache kutoka kwenye gari, na matete hayazuii maneno. Jumanne moja, miezi minane hivi baada ya harusi, nilikuwa namenya ndizi nikawasikia wakiwa wameinamia boneti. Zakaria alikuwa anamfundisha. Mimi hakuwahi kunionyesha hata mahali pa kutia maji. "Unaona mpira huu mnene wa juu? Maji ya moto yanatoka kwenye injini yanapita hapa kwenda kwenye rejeta. Yakishapoa yanarudi kwa huu wa chini." Leokadia akauliza mbona umepasukapasuka. "Umezeeka. Yote miwili imezeeka. Nimeagiza mipya, itakuja na meli." "Na ukipasuka tukiwa njiani?" "Basi. Gari linachemsha, tunashuka, tunatembea." "Pamoja?" akauliza Leokadia, na wote wawili wakacheka. Lile neno "pamoja" lilinikaa kooni wiki nzima. Nikila liko, nikisali liko. Nilijiona nimebaki nyumbani na mlundo wa maganda ya ndizi, nao wanatembea pembeni ya barabara ya Rubafu, ziwa upande mmoja, wakicheka. Kisha, polepole, picha ile ikaanza kunipendeza kwa namna nyingine. Nikawaona wanatembea kwenye jua, viatu vya kamba vinamwuma Leokadia, jasho limeharibu gauni jeupe, Zakaria amekasirika, analilaani gari na kusema hatampakia mtu tena.

Jumanne iliyofuata, Zakaria alipokuwa anaoga, nilitoka na wembe niliokuwa nautumia kufumulia mishono. Boneti alikuwa ameiacha wazi kama kawaida yake. Niliupata mpira wa juu bila shida, maana alikuwa amemweleza mwenzake vizuri sana, nikaupapasa upande wa chini usioonekana, nikaukata. Sikuukata hadi ndani. Nilikata kama nusu ya unene, upana wa vidole vitatu, kwa mstari mmoja ulionyooka kama ninavyokata kitambaa. Raba ya zamani ni ngumu na inanuka. Nilirudi jikoni nikanawa mikono kwa jivu. Siku zote nimejiambia kwamba sikutaka mtu aumie, na ni kweli, lakini kweli nyingine ni kwamba sikujisumbua hata dakika moja kufikiri kama mtu angeweza kuumia. Zakaria akaja, akanywa uji, akatabasamu kwa namna ambayo hakuwa na kawaida nayo, akasema, "Leo nitachelewa kidogo. Upike nyingi." Nikaitikia. Sikutoka jikoni kumtazama Leokadia akipanda; nikasikiliza tu gari likiondoka hadi sauti ikaisha.

Jua lilikuwa limeshapanda nilipomwona Leokadia anaingia uani kwa miguu. Nilidhani macho yananidanganya. "Koku, bojo, Ta Zakaria ameshaondoka? Nilitaka kumpa dawa ya miguu ampelekee mama." Nikamwuliza mama gani. Akajishika mdomo. "Mawe! Nimeharibu. Alitaka iwe siri. Leo hakwenda Rubafu, amekwenda Muleba kukuletea mama yako. Alisema unanyong'onyea, labda ukimwona mama utachangamka. Ni mwezi mzima tunapanga." Nikakaa chini pale pale kwenye nyasi. Yeye akadhani ni furaha, akanishika bega. Ninachokumbuka kwa aibu kubwa kuliko yote ni kwamba jambo la kwanza nililolihisi halikuwa hofu. Lilikuwa wivu: mwezi mzima wanapanga, wao wawili, habari za mama yangu. Hofu ilikuja baada yake, nayo haikuniacha tena. Mama yangu, mtu mzima mwenye miguu mibovu, na mume wangu, walikuwa kwenye milima ya Muleba ndani ya gari nililolikata mimi, na hakukuwa na namna ya kupeleka neno. Nilipika. Ni kazi gani nyingine ningefanya? Nilipika ndizi za kutosha watu kumi, nikazitazama zikipoa kwenye jani.

Alasiri lori la kahawa likasimama barabarani. Nyuma yake, kwa kamba nene, lilivutwa gari letu, usukani umeshikwa na utingo wa lori. Kwenye kiti cha nyuma cha gari alikaa mama yangu, ameshika kuku, kanga imemfunika uso. Zakaria alishuka mbele ya lori. Mikono yake yote miwili, kuanzia vidoleni hadi karibu na viwiko, ilikuwa imefungwa kwa majani mabichi ya mgomba na kamba za mgomba. Alinitazama, akasema, "Nimekuletea mgeni," kisha akapepesuka na dereva akamdaka.

Mama alinisimulia jioni ile tukiwa jikoni, naye akimenya viazi kwa sababu hakujua kukaa bila kazi. Lazima nieleze kwamba mama alikuwa wa kizazi kile ambacho mama mkwe hamtazami mkwewe usoni wala hasemi naye moja kwa moja. Kupanda gari la mkwe kulikuwa jambo zito kwake. Alikubali kwa sharti kwamba atakaa nyuma, amejifunika, na akiwa na la kusema atalisema kwa kuku aliyemchukua kuwa zawadi yangu. Basi wakatoka Muleba hivyo. Walipokaribia Muhutwe, kwenye mwinuko, mpira ukapasuka, moshi mweupe ukatoka. Zakaria akashuka, akaufunga mpira kwa kipande alichochana kwenye shuka na kamba za mgomba, akaukaza vizuri. Lakini maji yalikuwa yameisha, na kijito kilikuwa mbali chini bondeni. "Nikamwambia kuku," mama akasema, "mwambie mwenye gari, kama gari lina kiu, mramba upo." Alikuwa na kibuyu kizima cha mramba, maji matamu ya ndizi mbivu kabla hayajachacha, kwa kuwa alijua mkwewe ni mlokole, mtu wa uamsho, na rubisi hagusi. Zakaria akafikiri, akaona maji ni maji. Akangoja gari lipoe, akamimina kibuyu chote kwenye rejeta.

"Gari likatembea, mwana wange! Likatembea vizuri, likanukia kama sherehe. Halafu likaanza kunuka kama sufuria iliyoungua." Sukari ilikuwa imeanza kuganda ndani, na mpira uliofungwa kwa kitambaa unavuja. Zakaria akasimama tena, akaenda moja kwa moja kwenye kifuniko cha rejeta. Mama aliliona lile povu linavyochungulia pembeni. Maisha yake yote amepika mramba na kuchemsha vitu vitamu, alijua kitakachotokea. "Nikasema, kuku, mwambie asubiri, mwambie asifungue! Nikasema mara mbili. Lakini nilisema kwa kuku." Akaacha kumenya. Zakaria hakusikia, na mama hakuthubutu kumwita jina. Mramba unaochemka ulimrukia mikononi, na tofauti na maji haukutiririka; uling'ang'ania kwenye ngozi. Hapo ndipo mama alipotupa kanga, akamshika mkwewe kwa mikono yake, akamlaza chini, akakata majani ya mgomba. "Nimemtazama usoni," akaniambia kwa sauti ndogo, kama mtu anayeungama dhambi. "Unafikiri atanidharau?" Nilichukua kisu mkononi mwake nikaendelea kumenya viazi.

Kuanzia kesho yake nilipata adhabu ambayo hata mimi, kwa wivu wangu wote, nisingeweza kuibuni. Leokadia alikuja kila asubuhi kumfunga mume wangu mikono. Mwanamke niliyetaka atembee juani kwa sababu alikaa karibu na Zakaria sasa alikuwa ndani ya chumba changu, amepiga magoti kwenye nyasi zangu, amemshika mikono yote miwili mapajani kwake, akibandua kitambaa polepole huku akimpulizia. Nami nilisimama pembeni na beseni. Zakaria alipofumba macho kwa maumivu, alimwambia yeye, "Taratibu, Leokadia." Asubuhi ya kwanza walinituma nichemshe maji mengine, na nikiwa jikoni nikamsikia Zakaria anacheka. Mtu aliyeungua hivyo, anacheka! Mama naye, aliyekaa kwetu hadi mkwewe apone, alitekwa kabisa. "Mtoto yule ana mikono myepesi," aliniambia tukila. "Mkatoliki, lakini ana mikono myepesi." Nilimlisha mume wangu kwa kijiko, nikamwosha, nikamvalisha shati, na bado usiku nililala nikihesabu ni mara ngapi yule mwingine alimgusa.

Wiki ya nne meli ikaleta mipira mipya, mmoja mrefu uliopinda na mwingine mfupi, na vibanio vinne vya chuma vya kuifungia. Zakaria aliifungua karatasi kwa meno. Mikono ilikuwa inapona, lakini vidole havikunjiki, na hakutaka fundi wa mjini aliguse gari lake. Leokadia alikuwa anakunja vitambaa vyake. Akasema kwa wema tu, na leo najua ulikuwa wema, "Mimi naweza kushika bisibisi. Ta Zakaria ameshanionyesha kila kitu." Nikaweka beseni chini. "Katika nyumba hii," nikasema, "bisibisi nashika mimi." Mama akakohoa. Leokadia akanitazama, akatazama chini, akachukua mkoba wake akaenda.

Kwa hiyo niliifanya kazi ile, si kwa upendo wala kwa toba, bali kwa sababu sikutaka aifanye yeye. Zakaria alikaa kwenye kigoda mbele ya gari, mikono yenye vitambaa imelala magotini, akinielekeza. Nililala chini nikafungua koki ya rejeta, na kilichotoka kwenye karai hakikuwa maji. Kilikuwa kitu cheusi, kizito, kinavutika kama asali iliyoungua. Akaniambia niyeyushe magadi kwenye maji ya moto, yale yale ninayotia kwenye maharage, nijaze, ningoje, nimwage, nirudie. Nilirudia mara saba hadi maji yakatoka meupe. Ndipo nikalegeza vibanio vya zamani, vilivyokuwa vimeshika kutu, nikazungusha mpira wa chini huku na huku hadi ukatoka. Nikakwangua kutu kwenye shingo za chuma kwa kisu cha jikoni, nikapaka sabuni ndani ya mpira mpya, nikausukuma. "Uingie zaidi. Kibanio kisikae ukingoni, kitateleza. Kirudishe nyuma kidogo. Hapo. Sasa kaza." Hakuwahi kusema nami maneno mengi hivyo tangu anioe. Nilianza kuelewa kwa nini Leokadia alipenda kusikiliza, na kuelewa huko kuliniongezea hasira.

Ukabaki mpira wa juu. Ulikuwa bado umefungwa kwa kile kitambaa cha Muhutwe, na nilijua nikiufungua tutauona wote wawili. Nilikaa na bisibisi mkononi. "Fungua," akasema. Nikakata kamba za mgomba, nikazungusha kitambaa mzunguko baada ya mzunguko. Mpasuko ulikuwa mrefu sasa, umechanika kingo zote, ila pale katikati, upana wa vidole vitatu, raba ilikuwa imekatwa kwa mstari ulionyooka na kung'aa. Mtoto mdogo angejua. Sikuinua uso. "Ni mimi," nikasema.

"Najua," akasema Zakaria. "Niliufunga kwa mikono yangu, Koku. Ningekosaje kuona?"

"Mama aliona?"

"Mama yako alikuwa anatazama kuku."

"Umemwambia mtu?"

"Nimwambie nani? Kuku?" Halafu akaacha mzaha. "Ningesema pale barabarani, mama yako angeshuka kwenye gari, angerudi kwao kwa miguu yake mibovu, na angekuita umfuate. Siku hiyo hiyo. Hakuna mzee wa Buhembe wala wa Muleba ambaye angeniruhusu nikubakize. Kwa hiyo nilifunga haraka."

Nikalia, machozi yakanidondokea kwenye injini. Lakini mimi ni mimi. Hata nikilia nina swali. Nikamwuliza kama anampenda Leokadia. Akatazama jikoni, ambako kinu cha mama kilikuwa kinazima maneno yetu. "Nilimposa kabla yako," akasema. "Baba yake alisema binti yake haolewi na Mlutheri, na mchungaji wetu naye hakufurahi. Yakaisha." Nikamwambia sikuuliza ya zamani. "Na sasa?" Akainua ile mikono yake yenye vitambaa. "Sasa nimekaa hapa kama mtoto, sina kidole kinachokunjika, na wewe umeshika bisibisi. Unataka nini zaidi?" Nilitaka jibu. Hakunipa. Alisema tu, "Weka huo mpya. Sabuni kwanza." Nikapaka sabuni, nikauweka, nikakaza vibanio vyote viwili hadi viganja vikaniuma. Tukajaza maji polepole, nikaliwasha gari kwa kuzungusha mkono wa chuma mbele huku yeye ananiambia nisimame upande gani usije ukanivunja mkono, tukasimama tukitazama kama kuna tone. Halikutoka hata moja. Ule mpira uliokatwa niliutia motoni jikoni wakati mama amekwenda kuoga, ukatoa moshi mweusi uliotia harufu chakula chote.

Mama alirudi Muleba bila kujua, akafa bila kujua. Zakaria alipona, isipokuwa kidole kimoja. Jumanne ya kwanza aliyoshika usukani tena, Leokadia alikuja alfajiri kama zamani, akanikuta nimevaa gauni la kanisani, nimeshakaa kiti cha mbele. Akakaa nyuma na mkoba wake. Tulikwenda Rubafu na kurudi, watatu, na sidhani kama yalisemwa maneno kumi. Nilikwenda naye kila Jumanne hadi nilipopata mimba ya kwanza. Mwaka uliofuata Leokadia akaolewa na mwalimu mmoja wa dhehebu lake, akahamia Mwanza. Nikamtengenezea nguo ya harusi mwenyewe, kwa furaha ambayo watu waliidhania kuwa urafiki. Na tangu hapo nilijua nina kitu kimoja ambacho hakuna mwanamke mwingine aliyekuwa nacho kwa Zakaria: siri ile ilikuwa yetu wawili. Kila nilipomwonea wivu, nilijikumbusha siku ile ya kigoda na bisibisi, nikatulia kidogo.

Wiki tatu baada ya mazishi, Leokadia alikuja kutoa pole. Alikuja kutoka Mwanza, ameshikwa mkono na mjukuu, mgongo umepinda, meno yake mazuri yote yameondoka, na lazima nikiri kwamba meno yale yalinifariji. Tulikunywa chai sebuleni. Mjukuu alipotoka kwenda kutazama shamba, akaniinamia. "Koku, bojo. Sasa hayupo, naweza kusema. Ule mpira uliukata kwa ajili yangu."

Nikaweka kikombe chini. Nikamwuliza amejuaje.

"Aliniambia mwenyewe, asubuhi ya kwanza niliyomfunga mikono. Wewe ulikwenda kuchemsha maji. Nilikuwa namgombeza, namwambia gari lile litamuua. Akacheka. Akasema, 'Si gari, Leokadia. Ni mke wangu kaukata mpira kwa wembe kwa sababu yako. Maishani mwangu sijawahi kumwona mtu ananitaka hivyo.'" Akafuta mdomo kwa ncha ya kanga. "Ulivyorudi na maji, mimi nilikuwa nimeshaacha kumngoja."

Nikamwomba arudie. Akarudia, neno kwa neno. Nilifurahi, sitasema sikufurahi. Niliona haya kama msichana mbele ya picha ya Zakaria ukutani. Lakini nilikuwa nimemwuliza Zakaria anampenda nani, mwaka baada ya mwaka, kwa kubembeleza na kwa kununa, hadi wiki ile aliyokufa, naye alikuwa akicheka tu. Nilimtazama Leokadia anavyokunywa chai yake taratibu. Maneno yale yalikuwa yangu, na miaka yote hiyo alikuwa nayo yeye, huko Mwanza.